Mlango wa Banda la Kuku

Kila siku mchana Balbina alimpelekea baba yake chakula kwenye mashine ya kukoboa mpunga, hapo Ifakara. Baba yake, Tadei, ndiye aliyemimina mpunga mashineni. Aliyeitengeneza ilipoharibika alikuwa Fundi Chen, Mchina aliyekuja bondeni kutafuta kazi. Mzee yule alipenda ukoko kuliko wali wenyewe, basi Balbina hakukosa kumfungia kipande kwenye jani la mgomba.

Mwaka ule mpunga ulikubali kwelikweli, magunia yakajaa hadi barazani. Mkanda wa mashine nao ukawa unachomoka kila mara, na kuurudisha ni lazima ufungue kwanza kifuniko chake cha mbao nyekundu. Msimamizi, Bwana Evaristo, akachoka kusubiri.

"Kitoeni hicho, kinatuchelewesha!"

"Hapana, bwana," alisema Fundi Chen. "Mkanda wazi utakula mtu."

Nani alimsikiliza? Kifuniko kikatupwa nje. Tadei akakiomba, akapewa, akakifanya mlango wa banda la kuku.

Haikupita wiki, mkanda ukamnasa Fundi Chen. Vidole viwili vikakatika, akakimbizwa hospitali. Ndipo Bwana Evaristo, bila haya, akatangaza kwamba fundi alikitoa kifuniko mwenyewe, kwa hiyo hana cha kudai. Akipona, afunge mizigo yake aende zake. Wafanyakazi wote kimya.

Balbina alikwenda hospitali kumwona fundi, ukoko mkononi.

"Shikamoo, fundi. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa pole, lakini haitoshi. Mimi mgeni, ndiyo, ila niliumia kazini. Nina haki ya matibabu na fidia. Kesho Afisa wa Kazi anakuja kutoka Morogoro. Nitasema ukweli, lakini nani atanishuhudia?"

Jioni, wakati wa kula, Balbina alimgeukia baba yake.

"Baba, si kifuniko ni kile pale bandani?"

"Nyamaza! Unataka nifukuzwe? Tutakula nini?"

"Lakini baba, wewe unasimama palepale kando ya mkanda. Ukikatika mkono wewe, nani atatusemea?" Balbina akaangua kilio.

Tadei alisukuma sahani kando, akatoka uani.

Asubuhi Balbina alishtuka kuona kuku wametapakaa uani, wanaparua matuta ya mboga. Banda lilikuwa wazi. Mlango haupo! Alikimbia moja kwa moja hadi mashineni. Loo, baba yake alikuwa amesimama mbele ya Afisa wa Kazi, ameutua mlango mwekundu miguuni, bado una kinyesi cha kuku.

"Kifuniko hiki hapa, bwana," alisema Tadei. "Aliyeamuru kitolewe ni msimamizi. Fundi alikataa, sote tulimsikia."

"Kweli kabisa!" wenzake wakadakia.

Bwana Evaristo akarudi nyuma hatua moja.

"Mgeni au mwenyeji, anayeumia kazini sheria ni ileile," alisema afisa. "Fundi atatibiwa na kulipwa fidia, na kazi yake ipo. Kifuniko kirudi leo. Na asiguswe mtu kwa kusema kweli."

Njiani Tadei alimshika binti yake mkono.

"Mwanangu, nilidhani nikinyamaza nailinda kazi yangu. Kumbe nilikuwa nasaidia kumdhulumu mwenzangu, na kesho ningedhulumiwa mimi. Ukiona mtu ananyimwa haki yake, sema, hata kama unaogopa. Mimi niliogopa sana."

Balbina alifuta machozi. "Na kuku, baba?"

"Leo watalala jikoni," alisema Tadei. "Mama yako nitamweleza mwenyewe."