Kizuizi cha Mlango wa Maabara

"Moshi umebadilika rangi," simu ilisema.

"Mweupe au mweusi?"

"Mweusi. Majaribio ni saa sita kamili."

Komeo, mpelelezi, alikata simu, akaikagua bastola yake ya Beretta, akairudisha kwapani. Moshi mweusi maana yake kichocheo kimeibwa.

Kilikuwa kipande cha udongo wa kuchoma, ukubwa wa tofali, chenye vitundu kama sega la nyuki. Ukikiweka kwenye bomba la kiwanda, moshi wenye sumu unapita na kutoka salama. Shida ni kwamba sumu hiyo hiyo huviua vichocheo vyenyewe. Mkemia alitumia miaka sita kutengeneza kisichokufa. Kisipopatikana kabla ya saa sita angelala rumande, maana funguo za sefu zilikuwa mbili tu: wake, na wa shemeji yake, mkuu wa ulinzi, mume wa mdogo wake.

Komeo aliikuta sefu ya maabara tupu. Haikuvunjwa.

Komeo hakumwamini shemeji mtu, aliyekuwa akijifuta jasho mbele ya kiyoyozi. Hakumwamini Mkemia pia. Aliyeibiwa kazi ya miaka sita halii?

"Umekunywa chai?" alimuuliza.

"Vikombe viwili."

"Na moyo umetulia."

"Ulitaka nigaregare?"

Shemeji alitoka kupokea simu. Komeo akachuchumaa. Mlango ulikuwa umezuiwa usijifunge na tofali chafu, lenye vitundu.

"Liache hapo hapo." Mkemia alisema haraka mno, kisha akashusha sauti. "Cha kwenye sefu ni cha zamani, chumvi ya jasho tu inakiua. Hicho kimekanyagwa, kimemwagiwa chumvi, kimepigwa deki miaka mitatu. Ndilo jaribio lenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Mngeniuliza nani kaiba. Funguo ni mbili." Machozi yalimlengalenga. "Mdogo wangu ana watoto watatu na yule."

Mchawi mpe mwana akulelee, walisema wahenga. Hawakusema ufanyeje akimla.

Komeo alisimama ukumbini, akampigia bosi wake kwa sauti ya mtu asiye na siri. "Wamebeba kibovu. Chenyewe kinazuia mlango wa maabara. Tunakwenda kula kwanza."

Akajibanza nyuma ya nguzo. Dakika tatu.

Viatu, polepole. Shemeji aliinama mlangoni, akavaa glavu, akakinyanyua kichocheo kwa mikono miwili. Miaka mitatu alikuwa akikipiga teke kila asubuhi.

Beretta ilimgusa kisogoni.

"Leo umekivalia glavu," Komeo alisema.

Redio ilikoroma. "Mnunuzi yuko uwanja wa ndege na kile kibovu. Tumkamate?"

"Mwache apande. Akakitie kwenye bomba la kwao."

Saa sita, kwenye skrini ya maabara, mshale wa kipimo cha sumu ulishuka kutoka kwenye nyekundu hadi kijani, ukatulia hapo. Watu walipiga makofi. Mkemia alishika simu, akitafuta neno la kuanzia kumwambia mdogo wake.

Komeo alivaa miwani ya jua, akatoka bila kuaga. Nyuma yake mlango ulijibamiza. Haukuwa na cha kuuzuia tena.