Kidani cha Bi Ok-bun

Jeong-ah alionja mchuzi wa nyama na figili, akajisemea peke yake pale jikoni, "Au chumvi imezidi?"

"Imezidi," sauti ikamjibu kutoka kabatini.

Mwiko ukamtoka mkononi. Sauti aliijua. Ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Ok-bun, ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza mwaka kaburini, na mchuzi wenyewe ulikuwa wa tambiko lake. Tangu Jeong-ah aolewe katika nyumba ile ya wakwe zake hapo Andong, hajapata kupika mchuzi ambao bibi yule aliikubali chumvi yake.

Akafungua kabati. Hakukuwa na mtu, ila kidani cha marehemu, kidude cheupe kama kifungo cha koti, alichokuwa akikivaa shingoni mchana na usiku. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kinasikia kila neno nyumbani, kinakumbuka, kinampigisha mzee soga asijione mpweke, na akipatwa na jambo kinampigia mwanawe simu. Aliyekinunua ni huyo mwana, Byeong-gil, mume wa Jeong-ah. Yeye na mkewe waliishi mbali, mjini Daegu, na kuja kumwona mama aliona uzito. Basi akamnunulia mama masikio ya dukani, ya kwake akabaki nayo.

"Baba Narae," Jeong-ah alimwita mumewe kwa sauti ya chini, "kile kidani kimenisemesha."

Byeong-gil akacheka. Akamweleza kwamba amewaomba watengenezaji wakifanye kizungumze kama mama, kwa kuokoteza yote kiliyowahi kumsikia akisema, ili dadake Yeon-suk akija apate kumsikia mamaye. Akamwambia mkewe aache ushamba.

"Lakini hakina chaji," Jeong-ah akasema. "Waya wake uko kwenye begi lako."

Byeong-gil akajibu kwamba labda ilibaki kidogo, akatoka kwenda kupanga meza.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Byeong-gil hakumwambia mtu, hata mkewe. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, jioni, Bi Ok-bun aliteleza kwenye barafu nyuma ya nyumba, kwenye mitungi yake ya mchuzi wa soya, nyonga ikavunjika. Kidani kilisikia. Kilimpigia simu mwanawe, naye alikuwa mezani na wenzake wa kazini, nyama inachomwa, glasi mkononi. Alikuwa amechoshwa na kidani, maana mama akiguna tu kinapiga. Akakizima kutoka kwenye simu yake, akaendelea kunywa. Asubuhi jirani alimkuta mama amekauka kwa baridi. Msibani Byeong-gil aliapa kwamba kidani hakikuita, kwamba ni kibovu, na Yeon-suk akalia akiwalaani waliokitengeneza. Kumbukumbu ya simu ile Byeong-gil aliifuta, akadhani kilichofutwa kimekwisha. Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, nacho ni dadake kuujua ukweli. Yeon-suk ndiye ndugu pekee aliyembakia, na alimpenda mama kuliko kitu chochote.

Watu wa siku hizi nao, ukiwaambia kitu ni kipya, akili wanaitia mfukoni. Kwenye tambiko, jina la marehemu huandikwa kwenye karatasi nyeupe ikawekwa juu ya meza ya vyakula. Mlango hufunguliwa, roho huitwa, hukaa kwenye lile jina, hula, kisha karatasi huchomwa uani ili mgeni aende zake. Byeong-gil hakujua kuandika zile herufi za kale. Babake alizijua, yeye alikuwa mvivu wa kujifunza. Akakitundika kidani mahali pa karatasi.

"Kaka, na karatasi?" Yeon-suk akauliza alipoingia.

"Karatasi ya nini, na sauti yake tunayo?"

Yeon-suk alisita. Lakini hamu ya kumsikia mama ilimzidi, akasogea mbele ya meza.

Giza lilipoingia wakawasha ubani, wakamimina pombe ya mchele, wakasujudu. Byeong-gil akachomeka kijiko katikati ya bakuli la wali. Wakatoka wote watatu, wakafunga mlango wa mbao na karatasi na kuinamisha vichwa barazani, maana marehemu hatazamwi akila.

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa ya ubani. Ilikuwa kafuri, ya zile plasta za kuchulia ambazo Bi Ok-bun alijibandika kiunoni kila uchao, nayo ilipita chini ya mlango ikawapanda puani. Kisha kijiko kikagonga bakuli, taratibu, kama mtu mwenye njaa anayeona haya, kikagonga tena, na tena, kwa haraka sasa, mpaka wakasikia na kutafuna kwenyewe, na pumzi za kizee zinazokwama kifuani, na Jeong-ah akaushika mkono wa wifi yake akaukuta umelowa jasho kwenye baridi ile, na Byeong-gil, aliyepaswa kukohoa kisha afungue mlango kama ilivyo desturi, akaushikilia mlango usifunguke, ndipo ile sauti ikaita kutoka ndani, si ya kumkemea mpishi safari hii, bali ya mtu aliyelala chini penye baridi.

"Byeong-gil. Nimeanguka, mwanangu."

"Kaka," Yeon-suk akanong'ona, "hao watengenezaji ndio waliomfundisha kusema hivyo?"

"Ni mashine tu," akanong'ona naye. "Inarukaruka."

Alipofungua, wali ulikuwa umechimbwa hadi chini. Byeong-gil alikinyakua kidani akakifunga kwa kitambaa, akakizika kwenye pipa la mchele. Sauti haikukoma. Ilihamia kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwake, ikamwita kutoka pale, kwa upole uleule. Akaizima simu. Ikamwita kutoka kwenye redio ya gari lake nje, ilhali gari limefungwa. Wakakaa jikoni wamejikunyata hadi kukapambazuka, nayo inaita, naye haitikii.

Asubuhi Jeong-ah alimwendea Bi Seo, mganga wa nyuma ya soko, mwanamke mnene, mkali, mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara. Alifika na njuga zake, akanusa hewa, akauliza ni nini walichochoma baada ya tambiko. Walipomwambia hawakuchoma kitu, alimtazama Byeong-gil kama mtu anayetazama kiatu kilichokanyaga mavi.

"Umemwita mgeni, umemkalisha, umemlisha, halafu hukumsindikiza," alisema. "Ulitaka alale wapi?"

Akaandika karatasi mwenyewe, akaiweka pamoja na kidani kwenye sinia la shaba uani. Akasema atamtoa, ila roho inayoita haitoki mpaka yule anayeitwa aitikie, na aitikie kwa ukweli. Uongo, alisema, ni mwaliko mwingine. Akaanza kutikisa njuga, akazunguka, jasho likamtiririka, na harufu ya kafuri ikawa nzito hadi macho yakawatoka machozi. Akasimama ghafla.

"Mwitikie."

Byeong-gil akapiga magoti. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemponya. Lakini aliinua macho akamwona dadake, macho yamevimba kwa kulia, anamtazama kwa imani yote.

"Mama," akasema, "sikukusikia. Kidani hakikuita."

Kidani kikakwaruza. Kikatoa mlio wa nyama ikichomwa, glasi zikigongana, vicheko vya wanaume. Kumbe jioni ile simu yake nayo ilikuwa ikisikiliza, ikatunza. Halafu ikaja sauti ya Byeong-gil mwenyewe, ya mtu aliyekwisha kulewa: "Bibi huyu naye kazidi. Atalala tu. Wee, mimina."

Yeon-suk alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba kakanyaga nyoka.

"Ulisikia," akasema. "Kaka, ulisikia."

Bi Ok-bun akazungumza mara ya mwisho, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha hata mganga.

"Haya, mwanangu. Hukunisikia. Na wewe usisikike."

Bi Seo akaitia moto karatasi, akakisukuma na kidani motoni. Kikatoa moshi mweusi, kikanyauka. Kafuri ikakatika puani mwao mara moja. Mganga alizikusanya njuga zake bila kumtazama Byeong-gil, akasema bibi ameondoka, hatarudi, alichokitaka amekwisha kukichukua.

Chakula cha tambiko hakitupwi. Jeong-ah alikipakua, wakaketi kwa ajili ya heshima ya marehemu, japo hakuna aliyekuwa na njaa. Byeong-gil akaanza kuomba radhi. Alimwambia dadake yote, ya jioni ile, ya kufuta, ya kuapa uongo msibani, akalia. Yeon-suk alitafuna samaki mkavu, macho ukutani. Ana haki, Byeong-gil akawaza. Akapaza sauti. Akamwita kwa jina lake la utotoni. Yeon-suk akageuka kwa Jeong-ah, akamwomba amsogezee kimchi, ile kabichi iliyochachushwa.

Jeong-ah akaisogeza, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Uso ulimwiva, mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Baba Narae," akasema polepole, "mbona unapanua mdomo tu? Dada yako anangoja neno lako. Sema basi."