Wa Kushoto

Hivi wewe, ukiokotwa kama kitu, ukakunjuliwa mkono, ukatazamwa kidogo kisha ukawekwa kushoto, utauliza nini?

Dada yangu mkubwa hakuuliza. Alikuwa anajua.

Jioni ile, kiza kikianza kuingia, nilipita kwake kuchukua trei la mayai ya mama. Dada anatotolesha vifaranga wa kuku wa mayai. Anamwokota kifaranga, anamkunjua bawa, anatazama manyoya. Jike, kulia. Dume, kushoto. Madume hawatagi, hawana mnunuzi. Niliwahi kumuuliza wanakokwenda, akasema kuna mfugaji anawachukua. Pamoja na digrii zangu zote, nikaridhika. Kazi ikiisha huenda nyuma ya banda peke yake, kupumzika, na hataki kufuatwa.

Alikuwa chini ya taa, akinitania kwamba wasomi hufika kazi ikishaisha. Ghafla vifaranga wakanyamaza.

Wote.

Mabati yakalia taratibu... kama yanakandamizwa. Ikaja harufu ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji. Mlango haukufunguka, lakini mgeni alikuwa ndani, mrefu hadi ameinama, vidole vingi mno.

Nilijiambia ni jini. Lakini majini wa hadithi za bibi yetu walikuwa na chuki zao, unawaelewa. Huyu hakuwa na chuki yoyote. Na dirishani niliona kitu kikubwa, cheusi, kimeziba nyota za mwanzo. Chuoni tulibishana sana kwamba viumbe wa huko mbali wakija wataanza na hisabati.

Alianza na mkono wangu. Akaukunjua polepole, bila kuniumiza. Akapuliza vinyweleo, akatazama. Akaniweka kulia.

Dada akawekwa kushoto.

"Tunafanya mnavyofanya," mgeni akanong'ona. Sauti ilitokea kwenye taa. "Ila hatujui kinachofuata. Wa kushoto hupelekwa wapi?"

Dada akajibu, "Kuna mfugaji. Anawalea."

"Vizuri. Tuonyeshe, nawe ukalelewe."

Nyuma ya banda, pipa likaanza kulia.

Pi... pi... pi...

Sauti nyembamba, nyingi, chini ya kifuniko kilichofungwa.

Mgeni akageuza kichwa. Hakukasirika. Nadhani alihuzunika, kama uso ule unajua huzuni.

"Mfugaji," akarudia, kama anayejifunza neno.

Nikamnong'oneza dada aendelee kudanganya, aseme huyo mtu anakaa mbali, aseme lolote. Akisema kweli, pipani ndiko atakakopelekwa.

Dada akanitazama. Nikamkumbuka alipokuwa mdogo, amelala na kifaranga mgonjwa kifuani, mama anamwambia akamtupe, naye analia mpaka anapandwa na homa. Alikuwa hivyo kweli. Sijui aliacha lini kuwa hivyo. Labda hakuacha. Labda ndiyo maana alimtunga yule mfugaji.

"Nyamaza, mdogo wangu," akasema, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake miaka mingi.

Akamgeukia mgeni. Mikono yake ilikuwa bado na manyoya ya njano.

"Hakuna mfugaji. Nawatia kwenye pipa, wazima. Nafunika. Halafu nakaa juu ya kifuniko mpaka wanyamaze."