Kikombe cha Kuzimua

Siku hizi Tekla alikuwa akifagia uwanja kwa kuubembeleza ufagio. Zamani alifagia kwa nguvu mpaka vumbi likaenda kwa jirani. Sasa akikwaruza kidogo tu, sauti ya baba inatoka dirishani: "Nani huyo anachimba kaburi? Acheni kelele!" Sufuria zilikuwa haziruhusiwi kugongana. Mdogo wake, Deus, alikuwa haruhusiwi kuimba. Hata treni ya mizigo ilipopiga honi ikiingia stesheni ya Igalula, baba aliitukana treni.

Tusidanganyane, nyumba ile ilikuwa haikaliki.

Baba yake, Valentino, alikuwa ameacha pombe. Kanisani walimpigia makofi na majirani walimpa mkono. Ajabu ni kwamba katika wote hao hakuna aliyemwambia kuwa kichwa kingemuuma namna ile. Kilianza kumgonga asubuhi, mchana kikazidi, na usingizi ukawa wa kuokoteza. Chakula alikisukuma pembeni. Akitoka shambani juani anameza vidonge vya dukani kwa kukisia, kisha anakaa kizingitini, mikono imeshika kichwa, anatafuta wa kugombana naye. Na alimpata kila mara.

"Hii chai au maji ya kuoshea vyombo?" alimuuliza mama siku moja.

"Ni chai ileile ya jana," mama akajibu. "Mdomo wako ndio umebadilika."

"Basi kunyweni wenyewe!"

Sababu ya kuacha ilikuwa Deus. Valentino alikuwa mrina asali, na mizinga yake ilikaa kwenye miti ya porini, pembeni ya njia ya zamani ya misafara. Wiki chache nyuma alipanda mti akiwa amekunywa wanzuki, ile pombe inayopikwa kwa asali na masega. Nyuki hawaitaki harufu ya pombe. Kila mrina asali anajua hivyo, na yeye alijua kuliko wengi, lakini alipanda. Nyuki wakachachamaa. Yeye alianguka akateguka bega, na Deus, aliyekuwa chini ameshika ndoo, aliumwa uso mzima mpaka macho yakaziba. Mtoto alipelekwa hospitali akipumua kwa shida. Pale pale, mlangoni mwa wodi, Valentino aliapa kwamba hataonja tena.

Tekla alikumbuka kiapo hicho vizuri. Lakini alikumbuka pia kwamba baba alipokuwa akinywa alicheka, aliimba nyimbo za wacheza ngoma, na mara nyingine alirudi na maandazi. Huyu baba mpya hakucheka na hakuleta andazi hata la dawa. Tekla alimchukia. Alijionea haya kwa kumchukia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa jioni mama alimtuma kurudisha chujio kwa shangazi Agnetha, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mpishi wa wanzuki, na tangu mdogo wake aache pombe hakupata tena masega ya bure. Kwa hiyo alikuwa amenuna.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo malaika wenu anaendeleaje? Bado anabweka?"

"Kichwa kinamuuma sana, shangazi. Jana amemfokea Deus kwa sababu amepiga chafya."

Shangazi alicheka kwa pua. "Nilijua. Mtu amekunywa tangu ujana, halafu anaacha ghafla kama anazima kibatari! Kichwa kisimuume kwa nini? Anatakiwa azimue."

"Kuzimua?"

"Kikombe kimoja tu, asubuhi. Kichwa kinafunguka hapo hapo. Babu yako alizimua kila siku na akalima mpaka uzeeni."

"Lakini baba ameapa kuacha pombe."

"Pombe ipi? Asali na maji hii! Ni dawa." Shangazi aliingia ndani akatoka na chupa iliyofungwa kwa gunzi. "Mtilie kwenye uji, hatajua. Na mama yako usimwambie. Yeye katoka Lusu huko, asali ataijulia wapi?"

Tekla aliipokea chupa. Alitaka kelele ziishe nyumbani kwao, basi. Hakutaka jambo jingine lolote.

Jumamosi baba aliamka na uso umekunjamana. Ilikuwa siku ya kurina. Mizinga ilikuwa imejaa, na Deus alikwisha vaa viatu, maana baba alikuwa amemwahidi kwamba safari hii watakwenda wote tena.

"Kamba yangu iko wapi? Nani ameigusa kamba yangu?" baba alifoka.

"Iko begani mwako," mama akasema.

Baba aliipapasa kamba, akaikuta, akakasirika zaidi. Jikoni Tekla alimimina uji wa mtama kikombeni, akatazama mlangoni, kisha akaongeza wanzuki mpaka uji ukawa mwepesi. Akamkabidhi baba na kupiga goti, kama kawaida yake.

Baba alipiga funda moja, akakishusha kikombe.

Mrina asali hadanganywi kwa asali iliyochacha. Alikitazama kikombe, akamtazama Tekla, akarudi kukitazama kikombe. Tekla alingojea apasuke, kibao kije, kikombe kirushwe ukutani. Lakini baba hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha. Mkono wa baba ulikuwa unatetemeka, uji ukimwagikia vidoleni, na kikombe kilikuwa kinapanda tena polepole kuelekea mdomoni.

"Baba Tekla, kiweke chini," mama alisema.

"Siwezi," baba alijibu kwa sauti ndogo. "Tekla, kichukue. Mkono wangu haukubali."

Tekla alikishika kikombe. Vidole vya baba vilikuwa vimekaza kweli, ikabidi avibandue kimoja kimoja huku machozi yakimtoka. Alikimwaga kikombe nje, akaenda akaleta chupa, nayo akaimwaga. Harufu ilipanda uwanja mzima. Deus alipoisikia alirudi nyuma mpaka akagota ukutani, amefunika uso kwa mikono miwili.

Baba aliona. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Nani amekupa?" aliuliza.

"Shangazi. Lakini kukutilia nimekutilia mimi. Nilitaka usifoke."

"Huyo mwanamke!" mama aling'aka. "Leo atanitambua! Lakini kwanza zahanati. Simama twende. Na wewe uliyetilia, utangulie, ukaeleze mwenyewe."

Pale zahanati muuguzi alikuwa Najiat, mama mmoja mfupi asiyempambia mtu maneno. Alimsikiliza Tekla mpaka mwisho, akampima baba mapigo ya moyo, akamgeukia.

"Maji unakunywa?"

"Nikikumbuka."

"Chakula?"

"Hakipiti."

"Na vidonge?"

"Nameza mpaka kichwa kitulie."

"Aa! Wewe unataka kujiua kwa bidii!" Najiat alifoka, na kwa mara ya kwanza baba alipata mtu mkali kuliko yeye. "Umekunywa miaka yote hiyo, mwili umezoea. Ukiunyima pombe ghafla unagoma: kichwa, jasho, hasira, kukosa usingizi. Mnywaji mkubwa haachi kienyeji peke yake. Anakuja kwetu kwanza. Akitetemeka sana, akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo au akaanguka kifafa, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

"Maji kidogo kidogo mchana kutwa. Uji, hata kama huutaki. Jua kali ukae kivulini. Vidonge umeze ninavyokuandikia mimi, basi, maana ukizidisha vinaharibu ini, na ini lako limeshateseka. Kesho nikuone hapa, na mizinga isubiri. Hutapanda mti na mikono hiyo."

Kisha akamwinamia Tekla. Hakutabasamu.

"Na wewe sikiliza. Kuzimua hakuponyi kichwa. Kunakinyamazisha leo ili kesho kiume zaidi, na mtu anarudi alikotoka. Ulitaka nyumba itulie, nimekuelewa. Ila mgonjwa akikufokea, tafuta mtu mzima, mwambie. Usimpe kitu kwa siri, hata ukiambiwa ni dawa."

"Sitarudia," Tekla alisema.

Waliporudi walimkuta shangazi Agnetha uwanjani. "Mwangaluka!" aliwasalimia kwa Kinyamwezi. "Mdogo wangu, kichwa kimefunguka?"

"Dada," baba alisema, "Deus aliumwa na nyuki kwa sababu ya chupa zako na ujinga wangu. Ujinga wangu nimeuacha. Chupa zako zisivuke uwanja huu."

Shangazi aliondoka akisonya mpaka barabarani, na kwa muda mrefu hakusalimia mtu wa nyumba ile. Hasira za baba nazo hazikwisha siku moja. Kichwa kiliendelea kumsumbua, lakini sasa kikianza alisema tu, "Kimekuja," akaenda kulala kivulini. Tekla alimpelekea maji. Siku nyingine baba alishukuru, siku nyingine aliyapokea kwa kununa, lakini aliyanywa. Kichwa kikaanza kuja mara chache, hatimaye kikamwacha.

Najiat alipomruhusu kupanda, baba alikwenda porini na Tekla na Deus. Chini ya mti wa kwanza Deus alisimama mbali, ndoo mkononi, miguu tayari kukimbia. Baba alimfuata, akapiga magoti mbele yake, akafungua mdomo.

"Ninuse," alisema.

Deus alimsogelea kwa woga, akanusa, akanusa tena.

"Unanuka uji," akasema.

"Basi kila nitakapotaka kupanda utaninusa kwanza. Ukisikia harufu nyingine, ushike kamba yangu na usinipe, hata nikifoka. Na wewe Tekla, kichwa kikiuma kinavumiliwa na kinatibiwa, lakini hakitibiwi kwa kitu kilichokiumiza. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

Deus akamkabidhi kamba.