Sketi Iliyokatwa kwenye Treni

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea mlangoni kwangu ili nipate mwanga. Naishi na mjukuu wangu wa kike, anasomea uuguzi. Kila asubuhi hupanda treni ya saa kumi na mbili na nusu kwenda chuoni. Njia nyingine ya kufika huko hakuna.

Jumatatu moja alirudi kabla ya saa tatu. Amejifunga sweta kiunoni.

"Vipi, mke mwenzangu? Chuo kimefungwa?" nikamtania.

Hakucheka. Akafungua lile sweta. Sketi yake ya sare ilikuwa imekatwa nyuma, kuanzia juu mpaka karibu na pindo.

"Kuna mtu kanikata, Bibi. Ndani ya treni. Nilisikia watu wanacheka, ndipo nikajua."

"Vua," nikasema.

Nikatafuta uzi wa rangi ileile, nikashona. Nusu saa tu, huoni kitu. Nikaifua, nikaianika.

"Basi, yameisha. Usimwambie mtu. Aibu itapita."

Haikupita. Jumanne alifika kituoni, treni ikaja, ikaondoka, yeye kasimama palepale. Jumatano vilevile. Alhamisi hakutoka kitandani. Na chuo chao kina sheria: ukikosa siku saba bila sababu, jina linafutwa. Siku nne zilishakwenda.

Jirani yetu ni mkaguzi wa tiketi kwenye treni hiyo. Mchana alipita kuchukua shati lake.

"Binti yuko wapi? Simwoni siku hizi."

Nikajikohoza, nikazunguka weee, mwisho nikasema.

"Mama wee! Na mmenyamaza? Vaeni viatu. Kituoni kuna askari wa reli, kazi yao ndiyo hiyo."

"Si watatuuliza mengi?"

"Watauliza, mtajibu. Na kuripoti ni bure, asiwadanganye mtu."

Alitupokea askari wa kike. Chumba kidogo, meza, benchi na daftari kubwa. Akafunga mlango. Akamuuliza mjukuu wangu polepole: behewa la ngapi? Saa ngapi? Ulisimama wapi? Nani alikuwa nyuma yako? Mtoto akakumbuka. Behewa la tatu, karibu na mlango. Nyuma yake mwanamume mwenye begi jekundu kalining'iniza kifuani.

"Sketi mmekuja nayo?"

Nikaitoa kwa maringo. Askari akaigeuza, akaigeuza tena.

"Imekatwa wapi?"

"Huoni, ee? Mimi ni fundi."

Akatabasamu kidogo. "Bibi, hapa umemshonea mhalifu. Hii ndiyo iliyokuwa ushahidi. Nguo iliyokatwa haishonwi wala haifuliwi. Inatiwa kwenye mfuko, inaletwa hapa."

Nikanywea. "Kwa hiyo tumechelewa?"

"Hapana. Maelezo yake nimeandika, nitayafanyia kazi. Siku nyingine, binti, piga kelele palepale. Mwite mkaguzi. Omba namba ya simu ya aliyeona, awe shahidi. Ila mtu wa namna hii hakati sketi moja. Hao wengine wako wapi?"

Wengine walikuwa kwangu! Mwezi ule nilishona sketi mbili kama hiyo, na ya tatu ilikuwa bado kikapuni. Wenyewe walisema zimenaswa na msumari. Msumari gani? Msumari huvuta nyuzi, zikabaki kama ndevu. Wembe hukata kama mstari wa rula. Nilijua, nikanyamaza, nikashona.

"Kuna moja sijaigusa," nikasema.

"Usinipe ya mtu bila ruhusa. Nenda kaongee naye."

Jioni ileile nikaenda. Mwenyewe ni mwalimu wa watoto wadogo.

"Fundi, nimekwambia ni msumari."

"Mwalimu, nimeshika nguo miaka arobaini. Mjukuu wangu naye kakatwa."

Akakaa chini.

"Behewa gani?"

"La tatu."

"Nipe sketi yangu," akasema. "Naipeleka mwenyewe."

Ijumaa aliandikisha maelezo. Naye alimtaja mtu wa begi jekundu. Jumatatu askari kanzu wakapanda behewa la tatu kama abiria wa kawaida. Wakamkamata yule mtu na wembe mkononi, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa hajui kitu.

Jirani akatupigia simu. "Kashikwa! Mwambie binti!"

Siku sita zilikuwa zimeshapotea, imebaki moja. Jumanne alfajiri nikasikia maji bafuni. Mjukuu wangu anaoga.

"Nikusindikize?"

"Bibi, nina miaka ishirini," akanijibu. Akaenda.

Kesi ilipoitwa mahakamani, sketi ya mwalimu ilitandazwa mezani. Nikaulizwa kama fundi, nikaeleza habari ya wembe na msumari. Mjukuu wangu akasimama akasema yote, na yule mtu anamtazama. Hakimu akamfunga.

Tulipotoka ilikuwa saa tano. Mimi nilitaka twende nyumbani tukapumzike.

"Pumzika wewe," akasema mjukuu wangu. "Mimi nina kipindi saa saba."

Tukafika kituoni, treni ikaingia. Akapanda, akajipenyeza katikati ya watu, wala hakugeuka kuangalia nani kasimama nyuma yake.