Abaya ya Mshono wa Kijani

Ukumbi wa kuwasili wa uwanja wa ndege wa Jeddah ulijaa Wakenya waliokaa sakafuni wakingoja makafili wao, yaani waajiri waliowadhamini. Ilikuwa 2014, enzi ambayo mawakala wa Nairobi walijaza ndege nzima. Selipher, mwenye gauni la maua na viatu vilivyombana, alijikwaa kwenye miguu ya mwanamume aliyesinzia ukutani.

"Pole," alisema. "Ulivyo mweusi, nimedhani ni begi."

"Begi lina meno," Josphat akajibu. "Nibebe basi."

Walikuwa bado wanacheka kafili alipofika na karatasi yenye majina mawili. Yalikuwa yao. Walikuwa wanakwenda nyumba moja, mtaa wa Al-Nuzha, Josphat dereva, Selipher mfanyakazi wa ndani.

Katika nyumba ile mwanamume hakuvuka mlango wa jikoni, kwa hiyo walipendana kwa simu, Selipher akiwa chumba cha kufulia, Josphat kwenye kijumba chake kando ya gari. Selipher alimwita begi langu. Josphat alimuuliza kama amekula, kama amelala, kama anamwota.

Madam, mke wa kafili, hakuwahi kumwita Josphat kwa jina. Akiwa kiti cha nyuma alimwita abd, yaani mtumwa, na watoto wake wakaiga. Josphat aliendesha tu.

"Huyo hana macho," Selipher alimwambia. "Mimi ninayo."

Ijumaa moja Josphat alikwenda sokoni Al-Hindawiyah akamnunulia abaya nyeusi yenye mshono wa kijani mikononi. Barabarani wanawake wote walifanana, uso umefunikwa, macho tu. Alimwambia akiona kijani atajua ni yeye.

Hakujua kwamba madam aliitazama ile abaya, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mfanyakazi hakuwa na vazi lake la kutokea. Abaya ya msumarini ilikuwa ya yeyote aliyetumwa nje, Selipher au mwenzake Monicah. Selipher hakumwambia Josphat. Aliona haya, zawadi yenyewe Josphat alikuwa ameilipia kwa jasho.

Aliyejua ni Onesmus, mlinzi wa geti, maana ndiye aliyewafungulia wote. Onesmus alifika nyumba ile kabla ya Josphat, akautaka ufunguo wa gari, lakini ukapewa huyo mgeni. Juu ya hayo, msichana mweupe kama Selipher alimpenda mtu mweusi kama sufuria ya kuni. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Bosi, yule kafili, alipomchukua Josphat kwenda Riyadh kikazi, Onesmus alimnong'oneza madam kwamba Selipher anazungumza na dereva kwa simu. Madam akamnyang'anya simu. Kisha Onesmus akapiga Riyadh.

"Ndugu yangu, sikutaka kusema."

"Sema."

"Yule Myemeni wa duka, mweupe, mwenye nywele laini. Anamchukua Selipher na pikapu."

"Umemwona uso?"

"Uso umefunikwa. Nimeona mikono. Kijani."



"Alikuita begi, nawe ukanisimulia kwa furaha," Onesmus akaendelea. "Begi ni la safari. Ukifika, unalitupa kabatini. Ulidhani mweusi wa kuitwa abd hata na watoto atapendwa na mtu wa rangi ile?"

Josphat alimpigia Selipher. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena na tena, siku zote za Riyadh.

Bosi alirudi kwa ndege, akamwachia gari. Josphat alilivuka jangwa bila kula. Alipofika Al-Nuzha mchana, pikapu ya Myemeni ilikuwa imesimama nje ya geti, na mwanamke mwenye mikono ya kijani alikuwa akishuka.

Hakuuliza kitu. Alimkamata kwa shela, akambamiza kwenye mlango wa pikapu, akamtandika ngumi ya mdomo, na alipoanguka akampiga teke la tumbo. Myemeni aliruka na chuma akamvunja Josphat mbavu. Josphat akamvunja pua, akamrudia mwanamke aliyekuwa chini. Alipiga mpaka shela ikatoka.

"Josphat," alisema Monicah, mdomo umejaa damu. "Ni mimi."

Meno yake yalikuwa kwenye lami. Mkononi bado alishika dawa ya mtoto wa madam. Dereva hakuwepo, ndiyo maana madam alimwomba mwenye duka ampeleke.

Selipher alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alimtazama Monicah, akamtazama Josphat, akapiga magoti kwa Monicah.

Josphat alimkaba Onesmus koo mpaka ulimi ukatoka. Majirani walimtoa.

"Mimi nilipiga simu tu," Onesmus alisema akikohoa. "Mkono ni wako."

Polisi walimchukua Josphat. Kule aliyepigwa anaweza kusamehe, na adhabu ikapungua. Selipher alimlilia Monicah mpaka akakubali. "Kwa sababu yako," Monicah alimwambia, "si yake." Ikabaki kurudishwa Kenya. Siku ya kuondoka askari alimpa simu, akampigia Selipher, ambaye madam alikuwa amemrudishia yake.

"Mrembo wangu, nisamehe. Nitakungoja nyumbani."

"Onesmus ndiye dereva sasa," alisema Selipher. "Madam anamwita abd. Anaitika." Akavuta pumzi. "Wewe madam alikuita hivyo kila siku, hukumwamini. Onesmus alisema mara moja, ukamwamini. Nilikupenda rangi yako yote, Josphat."

"Najua."

"Basi niambie. Ningekuwa mimi ndani ya ile abaya, ungeacha kupiga lini?"

Askari alimwambia Josphat yalla, twende. Akaichukua simu.

Abaya ilifuliwa, damu ikatoka. Madam alisema bado inafaa, akairudisha msumarini. Alipotumwa nje kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Selipher alichukua kisu cha vitunguu, akakata mshono wa kijani uzi kwa uzi, mkono huu na huu. Kisha akaivaa, akafunika uso, akapita getini.