Njia ya Bibi wa Ndoo

Rafiki yangu ni msanifu wa majengo, si mtu wa porojo, na haya alinisimulia akitazama chini. Alichora nyumba ya shamba, ukumbi wa vioo ukiangalia bonde. Hapohapo ilipita njia ya bibi jirani ya kwenda kisimani.

“Mjukuu wangu, usinizibie njia.”

“Nitakuachia, bibi.”

Lakini akaifuta njia hiyo kwenye ramani. Bibi akawa anazunguka kilima na ndoo kichwani, hadi akafa.

Siku ya kukabidhi nyumba, rafiki yangu alitangulia peke yake. Mapazia ya ukumbi yalikuwa yamefungwa, giza tupu. Akasikia maji yakicheza ndooni, na mtu akihema. Akavuta pazia. Hakukuwa na mtu. Nyayo zilizolowa zilikatisha sakafu kutoka kioo hadi kioo, na katikati palikuwa na duara la maji, kama la ndoo iliyotuliwa kidogo mtu apumzike.